Wali wa koliflawa kwa baba mwenye kisukari: kwa nini wako uligeuka uji

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni msichana wa miaka 27, naishi Ujiji na wazazi wangu. Baba ana miaka 63 na ana kisukari cha aina ya pili, huu mwaka wa nne. Anameza metfomini na glibenklamaidi. Shida yake ni wali. Asipokula wali anasema leo hajala. Nimeona kwenye simu watu wanapika wali wa koliflawa, wanasema hauna wanga kabisa. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza ulitoka uji mzito, mara ya pili ulinuka nyumba nzima mpaka mdogo wangu akahamia barazani. Halafu koliflawa hapa Kigoma ni ya kubahatisha, na kwa bei ya kichwa kimoja ningepata kabichi tatu. Nimekosea wapi? Kabichi inaweza kuchukua nafasi yake? Na je, baba akiuzoea anaweza kuacha vidonge?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeuliza matatu, nami naanza na la mwisho, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kuwaamsha usiku wa manane mkitafuta bodaboda ya kwenda hospitali.

Vidonge asiache. Na hata akiendelea navyo, kumbadilishia sahani kwa ghafla kuna hatari yake, jambo ambalo hao wa kwenye simu hawakukuambia. Glibenklamaidi kazi yake ni kuihimiza kongosho itoe insulini, na haiulizi kama mwenye kongosho amekula au la. Jana baba alikula sahani iliyojaa wali. Leo umempa koliflawa tupu na kipande cha samaki, mgebuka. Kidonge ni kilekile, nguvu ni ileile, ila sukari ya kushushwa imepungua sana. Hapo ndipo mtu anapotoka jasho la baridi, anatetemeka, moyo unakwenda mbio, anashikwa na njaa ya ghafla, anaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Akiwa usingizini mnaweza msijue chochote. Metfomini ikiwa peke yake kwa kawaida haifanyi hivyo. Wa kuchungwa ni huyo mwenzake.

Kwa hiyo kabla ya sahani ya kwanza ya kweli, nenda na baba kliniki anakohudhuria, ukiwa na makasha ya dawa mkononi, useme: nataka kumpunguzia wanga, dozi ikaeje? Wanaweza kuipunguza, wanaweza kuiacha ilivyo na kukuambia upime mara nyingi zaidi. Ni mazungumzo ya dakika tano. Na nyumbani mkubaliane: mashine ya kupimia ikisoma chini ya 3.9 (mmol/L), au mkiona dalili hizo na mashine haipo, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Pimeni tena baada ya dakika 15. Kama haijapanda, rudieni. Ikishapanda, ale chakula. Akiwa hajitambui msimmiminie kitu mdomoni, kimbizeni hospitali. Na hata akipata nafuu, siku hiyohiyo aonwe na daktari, kwa sababu glibenklamaidi hukaa mwilini kwa muda mrefu na inaweza kuishusha sukari tena baada ya saa kadhaa.

Hilo likiwa limekaa kichwani, tuingie jikoni.

Nikuambie ulichofanya, ingawa hukuniandikia: uliikwangua koliflawa, ukaitia kwenye sufuria, ukaongeza maji, ukafunika. Ukatia na chumvi mwanzoni, kama tulivyofundishwa na mama zetu. Nina hakika kwa sababu nami nilifanya hivyohivyo, miaka hiyo nikiwa Tabora kwa dada yangu, mji ambao ukimkaribisha mtu chakula cha mchana na wali usiwepo ni kama umemfukuza. Nilipima kikombe kimoja cha maji, nikafunika, nikapalia makaa juu ya mfuniko kama pilau ya Idi. Nilipofunua nilikuta kitu ambacho mtoto wa miezi saba angekifurahia. Shemeji yangu, mtu mpole, alionja akasema, “Mboga ni nzuri, shemeji. Wali uko wapi?”

Jina ndilo linalotupoteza. Tukisikia wali, mikono inajiendea yenyewe kwenye maji na mfuniko. Lakini punje ya mchele ni kavu na imejaa wanga. Inakunywa maji, inavimba, na wanga huo ndio unaoishikilia isisambaratike. Koliflawa ni kinyume chake. Katika gramu 100 za koliflawa mbichi, kama 92 ni maji tayari. Wanga wa kutosha kuyanywa hakuna. Ukiongeza maji, yanakaa pale chini yanaichemsha mpaka inavurugika. Ukifunika, mvuke unaotoka ndani yake unagonga mfuniko na kurudi kama mvua. Ukitia chumvi mapema, chumvi inayavuta maji yote yatoke kabla moto haujapata nafasi ya kuyakausha. Kazi yako hapa ni kuyafukuza maji. Kwa hiyo kila desturi ya wali igeuze: maji usitie, mfuniko uweke mbali, makaa yote yakae chini, chumvi iwe ya mwisho. Ipike kama unavyokaanga mboga ya majani usiyotaka ichuruzike.

Harufu nayo ina chanzo chake. Koliflawa, kabichi, brokoli na sukuma wiki ni mmea mmoja kwa jamii, tofauti ni sehemu ambayo wakulima kwa karne nyingi wameichagua ikue: kwa kabichi ni majani yaliyojifunga, kwa koliflawa ni ua. Wote wana viini vyenye salfa ndani yao. Zikipata moto wa muda mfupi, ladha inakuwa ya utamu kidogo, hata ya karanga. Zikikaa motoni, salfa inatoka kama gesi, ileile inayonuka kwenye yai viza, na kadiri unavyoendelea kuchemsha ndivyo inavyozidi. Mdogo wako alihamia barazani kwa sababu koliflawa yako ilikaa motoni labda dakika 20 au zaidi, chini ya mfuniko. Dakika tano hadi saba zinatosha.

Sasa namna ya kuipika. Kichwa cha wastani, kikishaondolewa majani ya nje, kinawatosha watu watatu au wanne kama kuna mboga nyingine mezani. Sokoni chagua kilichobana, kizito mkononi kuliko unavyokitegemea, cheupe au cha rangi ya krimu, majani yake yakiwa bado ya kijani na magumu. Chenye madoa meusi, au kilichoanza kuachana kikatoa vijipunje vijipunje, kiache. Nacheka kidogo hapa: koliflawa ikipata joto shambani ua lake linalegea na kuota vipunje kama mchele, na mkulima anaihesabu hiyo kuwa dosari inayoshusha bei. Sisi tunainunua nzuri, kisha tunaifanya mchele kwa mikono yetu.

Kichwa kizima kioshe kabla ya kukikata. Kiloweke kama dakika kumi kwenye maji ya chumvi ili viwavi waliojificha watoke, maana hupenda kujibana kule ndani. Kisha kitoe, kikung'ute, ukiweke kichwa chini juu ya kitambaa nusu saa au zaidi mpaka kikauke kabisa. Watu wanairuka hatua hii, halafu wanashangaa. Matone yaliyobaki kwenye vikonyo ndiyo supu ya baadaye.

Kukwangua: tumia kikwangulio kile cha karoti, upande wa matundu makubwa. Matundu madogo yanatoa unga. Ukiwa na blenda ambayo ni kavu, tia mafungu madogo na uiguse kwa kubonyeza na kuachia, mara tano au sita, usiiache inguruma. Kinu usikijaribu. Usipokuwa na chochote kati ya hivyo, kisu kikali na ubao vinatosha; katakata kama vitunguu vya kachumbari, kisha pitisha kisu tena na tena mpaka zibaki punje za ukubwa wa mchele au mkubwa kidogo. Mimi siku hizi napenda hii ya kisu, inachukua muda lakini punje haziminywi. Bua nalo lisitupwe. Menya ngozi ngumu, likwangue pamoja. Mwisho tandaza kitambaa safi cha pamba, mimina punje zako, kunja na kamua kwa upole. Kama kichwa kilikauka vizuri yatatoka matone machache tu.

Halafu sufuria, au tuseme kikaango, kwa sababu upana ndio unaotakiwa. Kipate moto kwanza kikiwa kikavu. Tia kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, kaanga kitunguu kilichokatwa vidogo mpaka kianze kubadilika rangi, ongeza kitunguu saumu na tangawizi. Punje zifuate, zitandazwe kimo kisichozidi upana wa kidole. Zikirundikana, za chini zinachemka kwa maji ya za juu. Afadhali ukaange mafungu mawili. Kama unatumia jiko la mkaa, subiri makaa yashike yote kabla ya kuanza, usije ukalazimika kupepea katikati ya kazi. Ziache dakika moja zitulie, geuza, ziache tena, geuza. Utasikia mlio wenyewe ukibadilika: mwanzo ni kama mvua kwenye bati, baadaye unakuwa mkavu, wa kuchakacha. Bonyeza punje moja kwa vidole. Ikiwa laini nje na kuna kiini kidogo kinachokataa, epua. Sasa tia chumvi, na kamulia ndimu kama nyumba yenu inapenda.

Mnapenda wa nazi, najua, nyie ni watu wa Ujiji na mambo ya pwani yalifika huko na misafara zamani. Tui usimimine, litakurudisha kwenye uji. Chukua vijiko viwili vya nazi iliyokunwa, ikaange kikavu kwenye kikaango mpaka inukie na kuanza kuwa na rangi ya dhahabu, iweke pembeni, uichanganye mwishoni baada ya kuepua. Harufu ya wali wa nazi inakuja bila maji yake. Kwa ya pilau, kaanga binzari nyembamba, iliki mbili na kipande cha mdalasini pamoja na kitunguu, kabla punje hazijaingia.

Kuhusu mafuta lazima niseme jambo, kwa kuwa Kigoma ni mji wa mawese na sina nia ya kugombana na mtu. Mawese mekundu yana karotini inayoupa mwili vitamini A, lakini karibu nusu ya mafuta yake ni yale yanayoganda, ambayo mwenye kisukari anatakiwa ayatumie kwa kiasi kwa ajili ya moyo wake. Na mafuta yoyote, mawese au ya alizeti, kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120. Koliflawa inanyonya mafuta kama sifongo na haisemi imetosha. Sahani ya gramu 300 za koliflawa ina kalori kama 75. Uipe vijiko vinne vya mafuta, na umeipita sahani ya wali mweupe ya uzito huohuo, ambao ungekuwa na kalori zipatazo 390. Kijiko kimoja kwa kikaango, kipimwe kwa kijiko kweli, si kwa jicho.

Uliambiwa hauna wanga kabisa. Upo, ila kidogo. Gramu 100 za wali mweupe uliopikwa zina wanga wa gramu 28 hivi. Gramu 100 za koliflawa zina kama tano, na mbili kati ya hizo ni nyuzinyuzi ambazo hazipandishi sukari. Kwa sahani ya baba ya gramu 300, ambayo si kubwa kwa mzee anayependa wali, unalinganisha gramu 84 na gramu 15. Tofauti ni kubwa kweli, na ndiyo maana nilianza na habari ya vidonge.

Lakini nakushauri usimpe hiyo ya 15. Sababu ya kwanza ni dawa. Ya pili ni baba mwenyewe: mtu wa miaka 63 aliyekula wali maisha yake yote, ukimwekea bakuli la mboga nyeupe ukaliita wali, atakula siku mbili kwa ajili ya mapenzi yake kwako, ya tatu atapita kwa mama lishe. Mchanganyie. Pika wali wa kweli kama kawaida, ila uwe mkavu wa kuchambuka, na koliflawa ikaange pembeni. Wali ukishaiva, changanya. Wiki ya kwanza mafungu matatu ya wali kwa moja la koliflawa. Akizoea, nusu kwa nusu: gramu 150 za wali na 150 za koliflawa ni wanga wa gramu 50 hivi badala ya 84. Baadaye mkifika fungu moja la wali kwa mawili ya koliflawa, itakuwa kama gramu 38. Kila unaposhuka ngazi, pimeni, na kliniki wajue. Mchanganyiko huu una faida ya jikoni pia: punje za mchele zinazishika za koliflawa, mdomoni inahisi wali.

Na usimfiche. Wako wanaoshauri kumchanganyia mzee kimyakimya. Mimi sikubaliani nao. Mzee akigundua kuwa ndani ya nyumba yake analishwa kwa ujanja, atakataa hata kile kilichokuwa kizuri. Mwambie tu, “Baba, leo wali nimeuchanganya na mboga, niambie ukoje.” Ukimwomba maoni umempa kazi, na wazee wetu hawakatai kazi ya kutoa maoni.

Nije kwenye kabichi, ambalo nadhani ndilo swali lako la maana kuliko yote. Ndiyo, kabichi inafaa. Wanga wake ni kama gramu sita kwa gramu 100, nyuzinyuzi zake ni kama mbili na nusu, yaani kwa sukari ya baba hutaona tofauti kati yake na koliflawa. Iko sokoni Mwanga mwaka mzima na huhitaji mtu kukuwekea oda. Tofauti iko kwenye umbo: kabichi ni karatasi, koliflawa ni punje. Kwa hiyo ikate nyembamba sana kwa urefu, kisha igeuze ukate kwa upana mpaka iwe vipande vidogo vya mraba vya ukubwa wa punje. Hapa chumvi itumike mapema, kwa makusudi: nyunyizia kidogo, acha robo saa, kamua kwa nguvu zote kwenye kitambaa, maji yamwage. Kisha kaanga kama nilivyoeleza, dakika nne au tano. Usiongeze chumvi nyingine kabla ya kuonja. Kwenye wali wa kuchanganya kabichi inajificha vizuri kuliko utakavyotarajia, hasa ikiwa na nazi ile ya kukaanga. Peke yake kama “wali” haidanganyi mtu.

Papai bichi nalo ni zuri, na sijui kwa nini halitajwi. Chagua lile gumu, la kijani nje na jeupe ndani, mbegu zikiwa bado nyeupe. Menya, osha utomvu wote, likwangue kwa matundu makubwa, likaange. Linabaki na ugumu mzuri kuliko kabichi na halina harufu kabisa. Kama nyumbani kuna mjamzito, yeye apikiwe kingine, kwa sababu utomvu wa papai bichi hautakiwi kwake.

Visivyofaa ni vile ambavyo watu wanakimbilia: ndizi mbichi, viazi vitamu, magimbi, muhogo. Vyote ni wanga, hata kama havina utamu. Na huko Kigoma niliwahi kusikia mara nyingi kwamba ugali wa muhogo hauna shida kwa mwenye sukari kwa kuwa “hauna mafuta wala sukari”. Unga wa muhogo mkavu, zaidi ya gramu 80 katika kila gramu 100 ni wanga. Baba akipunguziwa wali mchana kisha jioni akakata ugali wa muhogo tonge kumi na tano, koliflawa yako imetoka bure. Chai ya asubuhi nayo iangalie ina vijiko vingapi. Mara nyingi kazi rahisi kuliko zote imekaa kwenye kikombe, na hatuioni kwa sababu tumeelekeza macho kwenye sahani.

Ukiuliza kama inafaa kuhangaika na koliflawa yenyewe kwa Kigoma, jibu langu ni mara mojamoja, ikipatikana nzuri. Ni zao la baridi. Inapenda nyuzi 15 hadi 20, ndiyo maana utaikuta Lushoto, miteremko ya Arusha na Nyanda za Juu Kusini, na kamwe huioni ikistawi pembeni ya ziwa. Fikiria safari yake: reli yenyewe kutoka Dar es Salaam hadi hapo kwenu ni zaidi ya kilomita 1,200. Ikifika imechoka, na iliyochoka ndiyo inayonuka. Waulize wauza mboga wanaopelekea mahoteli wakuambie mzigo unafika siku gani, ununue siku hiyo, upike siku hiyo au kesho yake. Kama mna ndugu Manyovu au Heru Juu kwenye baridi, mpeni mbegu ajaribu bustanini. Amwambie tu kila anayemsaidia kwamba ua likianza kuonekana, majani ya nje yafungwe juu yake kwa kamba, jua lisiligeuze la njano.

Pembeni ya wali huo weka vitu vya kwenu. Dagaa wa Kigoma waliokaangwa na nyanya, au mgebuka wa kuchoma, na mchicha au kisamvu. Sahani igawanywe hivi: nusu mboga za majani na koliflawa yenyewe, robo samaki, robo wali. Maharage yahesabiwe, kwa sababu yana wanga pia, ingawa unaingia mwilini polepole. Na aanze na samaki na mboga, wali aumalizie. Kwa watu wengi mpangilio huo peke yake unapunguza mruko wa sukari baada ya kula. Hotpoti ibaki jikoni. Ikikaa mezani, mkono unarudi wenyewe.

Kuna jambo la kiporo ambalo najua utaliuliza: wali uliopoa kisha ukapashwa moto una sehemu ya wanga uliogeuka kuwa mgumu kusagwa, hivyo unapandisha sukari pungufu kidogo. Ni kweli, lakini ni kidogo, na ni wali uliopozwa kwenye friji. Ule uliolala kwenye sufuria juu ya meza kwa joto la Ujiji unaota vijidudu vinavyotoa sumu ambayo kuupasha moto hakuiui. Kama hamna friji, kiporo cha wali achaneni nacho.

Mambo madogo yaliyobaki. Tumbo litajaa gesi mwanzoni, ndiyo sababu nyingine ya kuanza kwa fungu dogo. Watu huogopa koliflawa na kabichi kwa ajili ya tezi la shingo. Ikipikwa na mkitumia chumvi yenye madini joto, kwa kiasi hiki hakuna cha kuhofia. Kama baba ameshaambiwa figo zake zina tatizo, mwulize daktari kabla, kwa sababu ya potasiamu, na huenda akakuambia uichemshe kidogo na kumwaga maji kwanza, hapo itabidi uikamue zaidi. Na anayekunywa dawa ya kuzuia damu kuganda asiongeze kabichi ghafla bila kumwambia daktari wake.

Nunua daftari dogo. Siku ya wali wa kawaida, pima kabla ya kula na saa mbili tangu alipoanza kula, andika. Siku ya mchanganyiko, fanya hivyohivyo, kwa samaki yuleyule na mboga ileile ili ulinganishe haki. Kliniki nyingi hulenga chini ya 10 baada ya saa mbili, ingawa la baba litapangwa na daktari wake kwa umri na dawa zake. Mwonyeshe baba mwenyewe namba hizo mbili zikiwa zimekaa pamoja kwenye ukurasa mmoja. Nimewaona wazee waliokataa maneno yangu mwaka mzima, wakabadilika kwa namba walizoandika kwa mkono wao.

Na yale majani ya nje ya koliflawa uliyotupa mara zote mbili, mwanangu, yanalika. Ondoa uti mgumu wa kati, yakate kama sukuma wiki, uyakaange na nyanya na kitunguu. Kwa bei uliyonunulia kichwa kile, ni mboga ya siku nzima umeimwaga.